Draivu ya Kuchomea DVD: Uchaguzi Uanze na Deki Itakayoicheza Diski

Anayekwenda dukani kutafuta draivu ya kuchomea DVD kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani kwa kawaida huulizwa mambo mawili: anataka ya ndani au ya nje, na amejiandaa na shilingi ngapi. Maswali hayo ni ya haki, lakini yanaliacha kando swali ambalo hasa ndilo huamua kama fedha imetumika vizuri, nalo ni hili: diski zitakazochomwa zitachezwa kwenye chombo gani? Draivu, diski tupu na deki ni vyombo vitatu vinavyotegemeana, na mara nyingi anayelaumiwa ni mmoja ilhali kosa liko kwa mwingine.

Nililielewa jambo hili nyumbani kwa shangazi yangu, Tanga. Binti yake alipoolewa nilikabidhiwa kazi ya kutoa nakala za video ya harusi, nami nikachoma diski tano za aina ya DVD+R kwa kasi ya juu kabisa ambayo draivu yangu iliweza. Kwenye kompyuta zote nilizojaribu zilicheza bila kukwama. Shangazi akaiweka moja kwenye deki yake kuukuu, ile aliyokuwa akiipangusa kila asubuhi na kuifunika kitambaa cha kufuma, watu wakiwa wameshakaa mkekani wakisubiri. Trei ikaingia, diski ikasikika ikizunguka, deki ikakoroma mara mbili tatu, kisha kwenye kioo chake kidogo likatokea neno la kusema kwamba haioni diski yoyote. Tulijaribu zote tano, na zote zilikataliwa. Deki ilikuwa nzima, na diski pia zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni maelewano kati yao, na ili kuyaelewa inatubidi tuanze na kile kinachotokea diski inapochomwa.

Neno letu la kuchoma linaeleza jambo lenyewe barabara. Ndani ya diski tupu, katikati ya bapa mbili za plastiki ambazo kila moja ina unene wa milimita 0.6, mna tabaka jembamba la rangi ya kikemikali, na nyuma yake tabaka la madini linaloakisi mwanga. Leza nyekundu ya DVD, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, huipasha joto rangi hiyo mahali padogo sana na kuibadilisha, hata pale palipochomwa pakaakisi mwanga tofauti na palipoachwa. Mfuatano wa sehemu hizo mbili, unaozunguka kama uzi kutoka katikati ya diski kwenda ukingoni, ndio picha na sauti zetu. CD hutumia leza ya nanomita 780, ambayo alama zake ni kubwa zaidi, na ndiyo maana CD yenye ukubwa uleule wa sentimita 12 hubeba megabaiti 700 tu, ilhali DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Kwa hiyo deki haisomi maandishi yaliyochongwa, bali inatofautisha mng'ao na mng'ao, na deki iliyozeeka, ambayo leza yake imefifia au lenzi yake imeshika vumbi, inaitofautisha kwa shida.

Diski za RW, zinazoweza kufutwa na kuchomwa upya kwa takriban mara 1,000, hazitumii rangi hiyo bali mchanganyiko wa madini unaobadilika hali kwa joto, na mng'ao wake ni hafifu kuliko ule wa diski za kuchomwa mara moja. Ni nzuri kwa majaribio na kwa kuhamisha kazi kati ya kompyuta na kompyuta, lakini mtu asizitegemee kwa deki ya zamani.

Sasa tuje kwenye alama zinazowatatiza wengi, yaani ile ya kutoa na ile ya kujumlisha. DVD-R ilikuja kwanza, mwaka 1997, ikitoka kwa kampuni ya Pioneer na kuungwa mkono na jumuiya ya makampuni iitwayo DVD Forum. Makampuni mengine, yakiwemo Philips, Sony na Hewlett-Packard, yaliunda kundi lao na kuleta DVD+RW mwaka 2001 na DVD+R mwaka 2002. Kwa mtumiaji wa kawaida tofauti za kiufundi kati ya familia hizi mbili si kubwa, lakini kwa miaka kadhaa mtu aliyenunua draivu ya upande mmoja hakuweza kuchoma diski za upande wa pili, na hasara ilikuwa ya mnunuzi. Mambo yalitulia pale draivu zilipoanza kuchoma zote mbili, ambazo huandikwa alama ya kujumlisha na kutoa kwa pamoja. Karibu kila draivu inayouzwa leo ni ya aina hiyo, kwa hiyo muuzaji anayeisifia bidhaa yake kwa sababu hiyo peke yake hajakueleza lolote la kuitofautisha na nyingine. Ipo pia familia ya tatu, DVD-RAM, ambayo diski zake zinaweza kufutwa hadi mara 100,000, lakini madekini mengi haisomeki kabisa na katika maduka yetu ni nadra kuiona.

Tofauti moja ndogo kati ya kujumlisha na kutoa ndiyo iliyotuangusha Tanga. Kila DVD ina sehemu fupi mwanzoni inayojitambulisha kwa deki, mithili ya kitambulisho, ikieleza kwamba yenyewe ni diski ya kiwandani, ni DVD-R, au ni DVD+R. Deki zilizoundwa kabla ya DVD+R kuzaliwa hazikuwahi kufundishwa jina hilo, na baadhi yake hukataa kuendelea mara zinapolikuta. Diski za kujumlisha, hata hivyo, zina uwezo ambao zile za kutoa hazina: draivu inayoruhusu inaweza kuandika kwenye kitambulisho hicho kwamba diski ni ya kiwandani, na deki ikaipokea bila maswali. Si draivu zote zinazoruhusu badiliko hilo kwa diski za tabaka moja, na hapo ndipo mnunuzi mwenye wazee wenye deki kuukuu anapaswa kuwa makini. Kama draivu aliyoipenda hairuhusu, basi njia nyepesi ni kununua DVD-R, ambayo madeki ya zamani huizoea zaidi. Mimi nilirudi Tanga na DVD-R zilizochomwa polepole, na harusi ikaonekana tangu kuingia kwa bibi harusi hadi keki.

Nimesema zilichomwa polepole, na hili la kasi linastahili maelezo marefu, kwa kuwa ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote kwenye boksi na ndilo linalowapotosha watu zaidi. Kasi ya 1x kwa DVD ni takriban megabaiti 1.385 kwa sekunde, karibu mara tisa ya 1x ya CD, ambayo ni kilobaiti 150 tu. Ndiyo maana boksi moja huandikwa 48x kwa CD na 16x au 24x kwa DVD. Namba hizo mbili hazipimwi kwa kipimo kimoja na hazifai kulinganishwa. Kwa 1x diski nzima ya gigabaiti 4.7 ingechukua kama dakika 57. Kwa 4x inakuwa kama dakika 14, na kwa 8x ni kati ya dakika saba na tisa.

Kutoka hapo faida inapungua haraka. Draivu ya 16x haichomi kwa 16x tangu mwanzo. Uchomaji huanzia karibu na tundu la katikati, ambako mzunguko mmoja wa diski hupitisha njia fupi chini ya leza, na kadiri leza inavyosogea ukingoni ndivyo kila mzunguko unavyopitisha njia ndefu zaidi. Kwa kuwa kuna kikomo cha jinsi diski ya plastiki inavyoweza kuzungushwa, draivu huanza kwa kitu kama 6x au 7x na kuifikia 16x sehemu za mwisho tu. Matokeo ni kwamba diski nzima huchukua dakika tano au sita, si tatu na nusu kama hesabu ya haraka ingeonyesha. Draivu ya 24x huokoa labda dakika moja zaidi, tena pale tu unapopata diski tupu inayostahimili, na nyingi zilizoko sokoni zimeandikwa 16x. Mtu anayechoma diski tatu kwa mwezi hana sababu hata moja ya kuongeza fedha kwa ajili ya dakika hiyo.

Kasi kubwa ina gharama nyingine isiyoonekana. Leza inapopita haraka ina muda mfupi wa kuipasha rangi, na diski inayozunguka kwa nguvu hutikisika zaidi, hasa ikiwa imebandikwa karatasi ya jina upande mmoja. Kompyuta, kwa kuwa draivu yake ni mpya na ina nguvu, husamehe alama zilizochomwa vibaya, lakini deki ya miaka mingi haisamehi. Hii haina maana kwamba 1x ndiyo salama kuliko zote, kwani rangi za diski za kisasa zimetengenezwa kwa kasi za katikati, na draivu nyingi mpya hazikubali hata kushuka chini ya 4x. Kwa diski iliyoandikwa 16x, mimi huchoma kwa 8x, na kwa deki ninayoitilia shaka hushuka hadi 4x kama draivu itakubali. Kwa hiyo unapochagua draivu, hakikisha kwamba wewe na programu yako mnaweza kuichagulia kasi, badala ya kuhesabu kasi yake ya juu.

Suala la ndani au nje ni jepesi zaidi na huamuliwa na kompyuta yenyewe. Kompyuta ya mezani yenye nafasi mbele ya kasha lake iwekewe draivu ya ndani, ambayo ni pana, imara, inapata umeme wa kutosha kutoka ndani ya kasha, na mara nyingi ni ya bei nafuu kuliko ya nje yenye uwezo uleule. Kabla ya kununua fungua kasha na uangalie ubao mama: kompyuta nyingi zilizoundwa katika miaka 15 iliyopita na zaidi hutumia waya mwembamba wa SATA, ilhali zile za zamani zaidi hutumia utepe mpana wa IDE wenye matundu 40, na draivu ya upande mmoja haiingii upande wa pili. Kuna kompyuta za mtumba zenye kasha jembamba ambazo zinahitaji draivu nyembamba ya kompyuta mpakato badala ya ile pana, na hizo nyembamba nazo ziko za milimita 12.7 na za milimita 9.5. Njia ya uhakika ni kuichomoa ile mbovu na kwenda nayo dukani.

Kwa kompyuta mpakato zisizo na sehemu ya diski, hakuna chaguo ila draivu ya nje ya USB, na hapa adui mkubwa ni umeme. Soketi ya USB 2.0 imewekewa kiwango cha miliampea 500, wakati draivu nyembamba inapoanza kuzungusha diski au inapochoma inaweza kutaka zaidi ya hapo. Inapoukosa, hukata katikati ya kazi, diski ikaharibika, na mwenye draivu akaamini ameuziwa kitu kibovu. Ndiyo sababu baadhi ya draivu hizo huja na waya wenye vichwa viwili vya kuchomeka kwenye soketi mbili. Tumia vichwa vyote viwili, epuka kuunganisha kupitia kigawanyio kisicho na umeme wake chenyewe, na epuka waya mrefu wa kuongezea. Kuhusu maandishi ya USB 3.0 kwenye boksi, yasikuvute kwa sababu ya kasi, kwa maana draivu nyembamba huchoma DVD kwa 8x, yaani takriban megabaiti 11 kwa sekunde, mzigo ambao USB 2.0 huubeba bila taabu. Faida yake ni kwamba soketi ya USB 3.0 kwenye kompyuta hutoa miliampea 900.

Wengi huona wamepunjwa pale diski ya gigabaiti 4.7 inapoonekana kwenye kompyuta kuwa na 4.37. Hakuna aliyeiba kitu: mtengenezaji huhesabu kwa maelfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Nafasi hiyo inatosha kama saa moja ya video kwa ubora wa juu kabisa wa DVD au saa mbili kwa ubora wa kawaida. Kwa sherehe ndefu ipo diski ya tabaka mbili yenye gigabaiti 8.5, ambayo draivu karibu zote za leo huichoma, ila diski zenyewe ni ghali na madeki ya zamani hukwama leza inapohama kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili. Ninapendelea kuigawa video katika diski mbili za kawaida.

Yapo mambo mawili ambayo huwahusu hasa wenye ndugu ng'ambo. La kwanza ni msimbo wa kanda kwenye diski za filamu za kununua, yaani namba inayoizuia diski kuchezwa nje ya sehemu ya dunia iliyokusudiwa. Afrika Mashariki iko kanda ya 5, Oman na nchi nyingine za Ghuba ziko kanda ya 2 pamoja na Uingereza, na Marekani iko kanda ya 1. Draivu ya kompyuta huruhusu kubadilishwa kanda mara tano tu, kisha hujifunga kwenye ile ya mwisho, kwa hiyo usikubali ombi la kubadilisha kila linapotokea kwenye kioo bila kufikiri. La pili ni mfumo wa picha: sisi hutumia PAL na Marekani hutumia NTSC. Diski unayoichoma mwenyewe kwa kawaida haina kizuizi cha kanda, lakini ukimpelekea ndugu aliyeko Marekani diski ya PAL, huenda deki yake isiicheze, na programu yako ndiyo unayopaswa kuielekeza itengeneze NTSC.

Programu nayo huangusha kazi njema. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, Windows haina tena uwezo wake wa ndani wa kucheza filamu za DVD wala chombo chake cha kutengenezea, hivyo VLC hutumika kucheza na DVDStyler, ambayo ni ya bure, hutumika kutengeneza. Ukiweka diski tupu, Windows yenyewe huuliza kama unataka kuitumia kama flashi au kwa ajili ya deki. Anayechagua ya kwanza hupata diski inayosomeka kwenye kompyuta peke yake. Hata anayechagua ya pili, kama ametupia tu faili la video la simu, amechoma data na si DVD ya kuchezwa. Deki ya zamani inataka folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya mpangilio wake maalumu, na kuyatengeneza ndiyo kazi ya DVDStyler. Mwisho diski lazima ifungwe na programu (finalize), maana diski ambayo haijafungwa haina orodha kamili ambayo deki inaitafuta.

Kwa kumbukumbu za kutunza miaka mingi, draivu yenye alama ya M-DISC inastahili nyongeza ya bei. Diski za M-DISC, zilizobuniwa na kampuni ya Millenniata ya Marekani, hazitumii rangi ya kikemikali inayochakaa kwa joto, mwanga na unyevu, bali tabaka gumu linalofanana na jiwe, ambalo linahitaji leza yenye nguvu zaidi wakati wa kuchoma lakini husomwa na draivu za kawaida. Kwa sisi tunaoishi pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu mwaka mzima, hoja hiyo ina uzito. Asiyeweza kuzipata achome nakala mbili kwenye diski za makampuni mawili tofauti, azihifadhi kabatini zikiwa zimesimama ndani ya kava, na aandike jina kwa kalamu laini isiyokwaruza.

Draivu ya mtumba isikatazwe, kwani nyingi zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi zilisoma diski chache tu maishani mwake, ila inunuliwe kwa kujaribiwa. Nenda na diski tupu mbili, moja DVD-R na nyingine DVD+R, za aina utakayoitumia nyumbani. Fungua na kufunga trei mara kadhaa uone kama inasita. Chomea diski zote mbili hapo hapo zikiwa zimejaa, kwa sababu draivu iliyochoka huanza vizuri katikati na kushindwa inapofika ukingoni, na kwenye programu uweke alama ya kuhakiki, ili kilichochomwa kisomwe upya na kulinganishwa na faili la asili. Kazi nzima huchukua kama dakika 30, na muuzaji mwaminifu hukupa kiti ukae. Kisha, kabla ya kuzichoma nakala za familia nzima, zipeleke hizo mbili kwa mwenye deki, ziwekwe moja baada ya nyingine, na kila moja isogezwe mbele hadi dakika zake za mwisho.